Gia Imehamia Kushoto

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama kang'oa jino la mbele na sasa anacheka zaidi ya zamani.

Pikipiki ya marehemu baba imerudi kutoka kwa fundi uliyempelekea asafishe kabureta. Kabureta inang'aa. Ila pedeli ya gia, iliyokuwa kulia tangu kiwandani, sasa iko kushoto, na breki imehamia kulia. Nikamuuliza fundi nani kamtuma.

"Si mdogo wako, bosi! Kasema wewe huendeshi tena, anaichukua yeye."

Kifundo changu cha kushoto hakikunjiki tangu ile ajali, na ni wewe uliyenibeba mgongoni hadi hospitali. Mguu huu kukanyaga breki unaweza, kunyanyua gia hauwezi. Pikipiki nyingine zote hapa gia zake ziko kushoto. Hii peke yake ndiyo iliyonifikisha kazini. Ungeniomba, ningenuna wiki moja, kisha ningekupa.

Leo nimekwenda kazini kwa miguu, nikafika wenzangu wakinywa chai ya saa nne.

Njoo uichukue. Mama nimemwambia nimekupa kwa hiari yangu. Akikushukuru kwa kukubali kuitunza pikipiki ya baba, itikia tu.

Ni mimi, kaka yako bado.