Marungu ya Wanafunzi

Muyinga, Jumanne

Afadhali ningetengeneza madawati tu.

Shule moja ya Mushasha, kule Gitega, imeniagiza magongo ya besiboli, na mimi nikafurahi kama mjinga. Nikachagua mti wa mgrevilea uliokauka vizuri, wenye nyuzi zilizonyooka, maana nyuzi zikipinda, gongo linapasuka kwa pigo la kwanza. Nikakereza kichwa kinene, shingo nyembamba, na kifundo mwishoni ili lisichomoke mkononi. Nikapiga msasa. Leo nikayaegemeza yote ukutani, nje, yapate upepo.

Mama Shabani akapita. Ndiye aliyelima shamba la baba miaka yote tulipokuwa wakimbizi wa vita kambini Tanzania. Tangu turudi tumeligawana, kwa shingo upande.

"Baba Eze, marungu hizi zote iko za nani?"

"Za wanafunzi, mama."

"Wanafunzi watapiga nani?"

"Watapiga mpira. Ni mchezo."

"Ah bon. Mchezo."

Akacheka kidogo, kisha akaondoka kinyumenyume, bila kunipa mgongo.

Jioni nimemwona akitoka na godoro kichwani, anaelekea kwa kaka zake. Nikamwita. Hakugeuka.

Simlaumu. Ningeyakuta mimi magongo haya ukutani kwake, leo ningelala Tanzania.

Ila hao kaka zake, sijui amewaambia nini. Nimeingiza magongo yote ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Moja nimelisimamisha nyuma ya mlango. Lile lenye nyuzi nzuri kuliko yote.