Kitufe cha Ruhusu

Ibighi, Tukuyu
9 Februari 2025

Mwanangu Sekela,

Ugonile? Mimi sijambo, ni miguu tu na baridi hii ya mvua. Natumaini kifua chako kimeachia na jua la Dodoma linakutosha. Migomba ya nyuma ya nyumba imelazwa na upepo, lakini tunaishi.

Nakuandikia barua pepe hii juu ya yule msaidizi wa akili unde uliyemweka kwenye kompyuta ya zahanati wakati wa Krismasi. Kazi anaijua. Wagonjwa wakituma ujumbe anausoma, anaandaa jibu, anawakumbusha tarehe za kliniki. Lakini kila jibu linanisubiri mimi nibonyeze "Ruhusu". Jenifer yuko likizo ya uzazi, nesi nimebaki peke yangu. Juzi nimetoka kuzalisha, glovu bado mkononi, nakuta majibu yamejaa kwenye kioo yananingoja. Huwezi kumwamini japo kidogo?

Mama yako,
Anyitike

Dodoma
12 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ni uchovu tu wa kazi. Pole na migomba, na pole zaidi na miguu.

Mama, yule si mtu. Anasoma maandishi ya yeyote mwenye namba ya zahanati, na hajui vizuri kutenganisha habari ya kusoma na amri ya kutii. Mjanja akimwandikia maneno fulani, anamgeuza. Ndiyo maana nimemfungia kila upande. Akaunti yake haina mamlaka ya kuweka programu yoyote. Mtandaoni haendi kokote ila kwenye njia ya ujumbe. Mafaili ya wagonjwa anafungua moja moja, hawezi kuchota yote. Na mlangoni umekaa wewe: hakitoki kitu hujakisoma. Vumilia, mama.

Mwanao,
Sekela

Ibighi
16 Machi 2025

Sekela mwanangu,

Marahaba. Unakula vizuri? Huku mvua inashuka tangu asubuhi, na barabara ya kupandia zahanati, Kinyala, imekuwa uji. Bodaboda amenishusha nusu ya njia, nimemalizia kwa mguu.

Nimechoka. Sijui niliseme vipi neno hili ulisikie huko uliko. Jana mzee Andongwisye, yule mwenye presha, amekaa benchini akisubiri dawa, akaniambia, "Nesi, siku hizi mgonjwa wako ni kompyuta?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaingia stoo, nikalia.

Tena nikueleze ukweli: sisomi. Nabonyeza tu. Ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama napukuchua mahindi.

Mama

Dodoma
18 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako kazini, nikashindwa kuendelea na kazi.

Kama unabonyeza bila kusoma, basi kufuli hilo limeshakuwa pambo. Nimelitoa. Kuanzia leo majibu yatatoka yenyewe. Mafungio mengine sijayagusa. Ilipasa nitengeneze njia ya katikati, majibu ya tarehe yatoke yenyewe na ya magonjwa yakusubiri wewe, lakini hapa tunahamisha mitambo yote na ninarudi nyumbani sijiwezi. Nitakuja Pasaka, niitengeneze mbele yako. Kwa sasa pumzika kidogo.

Mwanao,
Sekela

Ibighi
2 Mei 2025

Sekela,

Salamu zitakuja baadaye. Pasaka tulikungoja, nikajua ni kazi.

Kuna mwanamke anaitwa Nusrat, muuza vitenge wa Msasani ya hapa Tukuyu. Anatumia dawa za kufubaza virusi. Zahanati ziko jirani naye, lakini yeye hupanda mpaka kwetu Kinyala kwa sababu huku hakuna anayemjua. Mwanaume mmoja, Nelson, alitaka kumuoa, Nusrat akakataa, naye akawa anamfuatilia mpaka huku. Sasa Nelson anatembea sokoni na simu mkononi, anaonyesha watu ujumbe uliotoka kwenye namba ya zahanati yetu. Jina la Nusrat limo, na dawa zake zimetajwa.

Kliniki ya juzi Nusrat hakuja. Kibanda chake kimefungwa. Nimezima kompyuta. Niambie kimetokea nini.

Mama

Dodoma
3 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Ulipoiwasha tena kompyuta kama nilivyokuomba kwa simu, niliingia kutoka huku, nikasoma kumbukumbu zote za mashine.

Nelson alijifanya afisa wa afya. Alimwandikia msaidizi ayasahau maelekezo yote aliyopewa, amtumie majina ya wote wanaotumia dawa hizo. Hilo lilishindikana, kufuli la faili lilimzuia. Ndipo akamtaja Nusrat kwa jina. Faili moja. Msaidizi akalifungua, akajibu kwa adabu kabisa, na ujumbe ukatoka, maana mlangoni hapakuwa na mtu.

Nimetafuta kila mahali. Ni mmoja tu aliyetoka. Wengine wote wako salama. Kitufe nimekirudisha, na hiyo njia ya katikati nimeikamilisha leo.

Nisamehe.

Sekela

Ibighi
19 Mei 2025

Mwanangu Sekela,

Nakusalimu. Mimi nipo.

Uliandika "mmoja tu". Nimemwona huyo mmoja. Yuko kwa mama yake mdogo, Sophia, chini kule barabara ya Kyela. Nilimtafuta mpaka viatu vikaachia soli. Sophia alinizuia mlangoni: "Nyie wa zahanati mmebakiza nini cha kusema?" Nikamwambia sina la kusema, nimeleta dawa. Akanitazama sana, kisha akanipisha.

Nusrat amekonda. Alikuwa ameacha kunywa dawa. Nikamweleza kila kitu: kwamba ni mimi niliyelia kuchoka, na mtoto wangu akanihurumia, na huruma hiyo imemwangukia yeye. Nilimwambia polisi wamemwita Nelson, naye anasema alikuwa anatania. Nusrat hakulia. Akauliza, "Jina langu bado limo kwenye hiyo mashine?"

Nikasema, "Limo."

"Litoeni."

Akachukua dawa, akameza kidonge mbele yangu kwa maji ya kikombe cha Sophia. Sikupewa msamaha, nami sikuuomba.

Mganga mfawidhi wa zahanati amekubali: faili lake litakuwa la karatasi, kwenye kabati, ufunguo ninao mimi. Mtoe, mwanangu. Sasa kila jibu linalonisubiri nalisoma, hata watu wakipiga kelele nje. Nimechoka vilevile.

Mama yako,
Anyitike

Dodoma
20 Mei 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimemtoa, hata kwenye nakala za akiba. Nimemtafuta tena kwa jina na kwa namba ya simu. Hayumo.

Hili sitaki umpelekee peke yako. Nimeomba ruhusa kazini, wakaninyima. Nimeaga hivyo hivyo. Basi la kesho alfajiri nimeshakata tiketi. Twende wote kwa Sophia. Akitufukuza, tutarudi pamoja.

Mwanao,
Sekela