Maziwa ya Baridi Getini kwa Ole Singh

Mzee wangu Ole Singh,

Siku hizi hakuna wa kunisalimia asubuhi. Hilo ndilo la kwanza nililotaka ulijue. Nafungua karakana, natoa mashine ya welding nje, na hakuna mtu wa kuniambia "Takwenya!" kwa Kimaasai chenye lafudhi ya Kipunjabi, aningoje mpaka nijibu "Iko" hata kama nimenuna. Sijazoea. Sitaki hata kuzoea.

Wateja bado wanakuulizia. Juzi alikuja mzee mmoja kutoka Mashuuru akitaka geti la boma lake, akasema atamngoja Ole Singh arudi kutoka kula. Nikamwambia ulituacha tangu Februari. Alikaa kwenye benchi lako, akavua kofia, akasema, "Huyo alikuwa mtu yetu." Kisha akaniuliza kama kweli msichana anaweza kuchomelea geti. Ungecheka, Mzee. Nimemtengenezea, limesimama wima na linafungika bila kusukumwa.

Lakini nimekuandikia kwa sababu ya ile siku ya Guru wako.

Uliponishika mkono pale hospitali ukasema, "Beti, binti yangu, watu wapewe," sikuuliza ni watu gani wala wapewe nini. Miaka yote niliyofanya kazi kwako, siku ya kukumbuka kuuawa kwa Guru Arjan ilipofika tulizima mashine, tukatoa meza hadi kando ya barabara, ukawapa wapita njia maziwa baridi yenye sukari na sharubati nyekundu ya waridi. Bure, na kwa kila mtu. Ni Juni, Kitengela nzima imejifunika majaketi na mashuka, upepo unakata masikio, na wewe na kilemba chako unawapa watu barafu! Walikunywa wakitetemeka, wakarudi kuomba kingine.

Mwanao alinipigia simu kutoka Kanada. Aliniambia kwa upole nisijisumbue, kwamba jambo hilo lilikuwa lako na sasa linaweza kupumzika nawe. Si mtu mbaya. Alikuwa analia. Mama yangu naye, unamjua yeye na kanisa lake, hakuzungusha maneno. Alisema, "Hiyo ni ibada ya watu. Wewe umebatizwa, unaenda kusimama hapo kama nani?" Mimi si Singasinga, sijui kuomba kama ulivyokuwa ukiomba. Ila nilijua kwamba nisiposimama mimi, upande wetu huu hakuna mwingine, na siku hiyo ingepita kama siku nyingine yoyote. Hilo sikuweza kulivumilia. Basi nikaagiza maziwa Kisaju.

Asubuhi ya siku yenyewe nani anaingia karakana? Mama. Amekuja na shuka lake na mdomo wake, anasema amekuja tu kuhakikisha siaibiki. Nikamwacha hapo, nikaenda kuchukua barafu kwa Mama Halima, yule Msomali wa duka la soda aliyekuwa akikuletea tende kila Ramadhani. Alinipa barafu yote aliyokuwa nayo, akakuombea dua pale pale kaunta.

Narudi, moto unawaka. Maziwa yote yako jikoni yanafuka mvuke, na Mama anatwanga tangawizi. "Watu watashikwa na kifua na hii baridi," akasema. "Wape chai."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikakaa kwenye ndoo nikamweleza, kama ulivyonieleza mimi. Kwamba zamani, huko Lahore, mfalme alimkamata Guru wenu wa tano, mtu aliyezikusanya nyimbo za kumsifu Mungu katika kitabu kimoja, akatia humo hata za watu wa dini nyingine. Kwamba katika majira ya joto kali walimketisha juu ya bamba la chuma lililowashiwa moto chini yake, wakammwagia mchanga wa moto mwilini. Kwamba rafiki yake Mwislamu alikuja akilia, akitaka kwenda kumtetea, naye akamkataza, akasema anapokea analopewa na Mungu. Hakumlaani mtu. Ndiyo maana tunawapa watu kitu cha baridi, kitamu, hata wakiwa wamevaa sweta. Baridi hiyo si kwa ajili ya hali ya hewa ya Kitengela.

Nilipofika kwenye lile bamba, niliitazama mikono yangu. Mimi na wewe tunajua chuma kilichoiva kinavyofanya ngozi. Nikalia, Mzee, na sikuwa namlilia Guru peke yake.

Mama akauweka mchi chini. Kisha akauliza, "Na mama yake alikuwa wapi?"

Hilo sijui. Sikuwahi kukuuliza, na wewe ungejua.

Mama akaepua sufuria. Akaanza kuyamimina maziwa kutoka sufuria moja hadi nyingine, kutoka juu kabisa, kama anavyopoza uji wa mtoto, mpaka mvuke ukaisha. Ndipo tukatia sharubati na barafu, tukatoa meza.

Hakuna aliyesimama. Kwako walikuwa wakikimbilia, kwangu wakapita wakitazama kando. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Sista, kitu ya bure siku hizi iko na mchele," akimaanisha nimetia dawa ya kuwalevya niwaibie, na wenzake wakacheka. Niliumia sana. Vikombe vimejaa, mikono imekufa ganzi, na mimi tayari nawaza namna ya kumwambia mwanao kwamba alikuwa amesema kweli.

Kisha nikawaona akina mama wa kanisa la Mama wanakuja, kundi zima, na vitambaa vyao vya kichwani. Nilijua Mama atajificha ndani. Nisingemlaumu. Yeye akazunguka akasimama mbele ya meza, akachukua kikombe, akakiinua wote wakione, akanywa mpaka mwisho. Macho yakamtoka kwa baridi.

"Hii ni ya mtu alichomwa na hakutukana mtu," akawaambia. "Kujeni mkunywe."

Wakaja. Na wale wa bodaboda wakaja, na yule wa mchele akanywa viwili. Kabla ya saa nane sufuria zilikuwa tupu, na Mama alikuwa amelowa sharubati hadi kwenye viwiko, akimpa mchungaji wa mbuzi kikombe cha mwisho na kumkemea kwa nini havai viatu.

Nimempigia mwanao nikamweleza yote. Akaniomba nimtumie picha. Nimeenda pia gurudwara, hekalu lenu kule Nairobi, kuuliza kuhusu mama yake Guru, kwa sababu Mama hajaniachia. Nilielezwa kwamba alikuwa ameshafariki, hakuyaona mateso ya mwanawe, nami nimemfikishia.

Nenda salama, baba yangu. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma. Ninakuahidi, maadamu niko hai na niko hapa, siku hiyo haitapita na geti limefungwa. Na si mimi tu. Jana mnunuzi alikuja kumtaka yule ng'ombe mweusi wa Mama, na Mama akamrudisha. Amesema ng'ombe haendi popote, maziwa yake yana watu mwezi wa Juni.

Nashipai