Kamera Iliyoingia Chumbani kwa Bi Mwanamvua

Jumanne, Korogwe. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na bado haijachoka. Mto umepanda, maji mekundu, na barabara ya stesheni haina mtu. Hakuna mteja atakayekuja leo. Ninaandika vidole vikinuka dawa za picha, na moyo wangu ni mwepesi kuliko nilivyotazamia.

Leo ilikuwa siku ya kumrudishia Bwana Premji kamera moja na kubaki na nyingine.

Mwezi uliopita nilipiga picha za harusi ya kanisani kule Lutindi kwa kamera yangu ya zamani, ile niliyoanzia kazi. Mfuko wake wa ngozi, ule unaojikunja kati ya lenzi na filamu, ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo bila mimi kujua, na mwanga ukapenya. Picha zote zilitoka na mstari mweupe. Katika ile ya maharusi wawili, mstari ulipita usoni mwa bibi harusi. Nilipanda mlima mwenyewe kuwapelekea habari. Baba yake aliitazama picha, akaiweka mezani kifudifudi, akaniuliza kama nimekula.

Afadhali angenigombeza.

Harusi haipigwi mara ya pili. Ndipo nikaenda kwa Bwana Premji, mwenye duka karibu na stesheni, aliyekuwa na kamera mbili zilizokwisha kutumika. Akasema, "Chukua zote, fundi. Zijaribu kwenye harusi moja, Jumanne uniambie unabaki na ipi."

Moja ni kubwa, ya mbao iliyong'arishwa, ina miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Hupiga picha moja moja kwenye kioo. Ya pili ni kisanduku cheusi chenye macho mawili, moja juu ya jingine. Unakishika tumboni, unainamisha kichwa na kutazama kwa juu. Filamu yake moja hutoa picha kumi na mbili.

Nikiri hapa, pasipo msomaji. Ile kubwa nilikwisha kuichagua kabla sijaigusa. Nikisimamisha miguu ya kamera kwenye kambi za mkonge kule Mazinde, watu hunyamaza. Baba yangu alikata mkonge huko maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kunyamaza kwa ajili yake.

Mke wangu, Mama Salehe, husafisha picha pamoja nami katika chumba cha giza, mwaka wa nane huu. Aliinua ile ndogo, akaigeuzageuza, akasema, "Hii haitishi watu."

Nikacheka.

Juzi Jumapili tulikwenda Handeni, kwenye harusi ya Mwajuma, jamaa wa mbali wa Mama Salehe. Mume ni mfanyakazi wa reli, na Mwajuma alikuwa anaondoka siku ileile kwenda naye Tanga. Nje uani nilisimamisha kamera kubwa, nikawapanga wanaume. Walinyamaza kama nilivyopenda. Walisimama wima, mikono mapajani, kama watu wanaongoja hukumu.

Kisha tukaambiwa kuwa mama yake Mwajuma, Bi Mwanamvua, hajanyanyuka kitandani kwa miezi mingi. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: picha yeye na binti yake, kabla binti hajaondoka.

Nilibeba kamera zote mbili hadi mlangoni. Shangazi yake bibi harusi alikuwa amekaa kizingitini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini wewe mwisho wako hapa. Ndani ni wanawake watupu, na mgonjwa hajajisitiri."

Nilisema mgonjwa atolewe nje. Shangazi akauvuta mlango nyuma yake. Nikaona aibu ya maneno yangu mwenyewe.

Mama Salehe akanyoosha mkono. "Baba Salehe, nipe hiyo ndogo."

Nilisita. Miaka yote hiyo nimempa dawa, nimempa karatasi, nimempa kazi ya kuchota maji. Kamera sijawahi kumpa. Na Lutindi ilikuwa bado inaniuma. Ikiharibika tena, na safari hii ni ya mgonjwa?

"Mle ndani ni giza," nikamwambia. "Itabidi uiache wazi muda mrefu, na mtu akitikisika tu imeharibika."

"Najua. Zilizotikisika huwa nazisafisha mimi."

Nikampa.

Yaliyotokea ndani alinisimulia kwenye basi tulipokuwa tunarudi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza alivyopika. Kulikuwa na dirisha moja dogo, akawaomba wanawake wasogeze kitanda hadi pale. Akapindua kinu, akakunja khanga juu yake na kuweka kamera, akapiga magoti. Bi Mwanamvua hakuweza kukaa peke yake, alitetemeka. Basi Mama Salehe akampandisha Mwajuma kitandani, akamkalisha nyuma ya mama yake, ili mama aegemee kifua cha binti na wote wawili wawe kitu kimoja kisichotikisika. Kisha akawaambia, "Semeni Bismillahi moyoni, polepole, mara moja. Msivute pumzi mpaka muimalize."

Mimi nisingelifikiria hilo. Mimi ningewaambia wasimame wima.

Asubuhi hii tumeziba dirisha la chumba cha giza kwa blanketi na kuzisafisha. Picha yangu ya wanaume ni safi, unaweza kuhesabu vifungo vya kanzu. Sina la kuilaumu kamera ile.

Kisha ikaja ya kwake. Ilianza kujitokeza mikono: mikono ya Mwajuma yenye hina, imefumbatwa juu ya mikono ya mama. Halafu nyuso mbili, shavu kwa shavu. Bi Mwanamvua hatazami kamera. Amefumba macho na anatabasamu kidogo, kama mtu aliyefika nyumbani.

Mama Salehe akaitoa kwenye dawa kwa ncha za vidole, akaitundika ikauke.

Saa nne nilitembea kwenye mvua hadi dukani nikairudisha ile kubwa. Bwana Premji akashangaa. "Nilidhani ungependa hii."

"Mimi naipenda," nikamjibu. "Lakini mpiga picha ameichagua nyingine."

Nyuma ya kila picha hugonga muhuri wenye jina langu. Mchana huu niliuinua muhuri juu ya picha ya Bi Mwanamvua, nikaurudisha mezani. Nikamwita Mama Salehe, nikampa kalamu.

"Niandike nini?"

"Jina lako."

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akakaa, akaandika polepole kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani utotoni: Zaina binti Athumani.

Nimengoja wino ukauke ndipo nikaifunga picha kwenye karatasi. Kesho tutaipeleka Handeni, mvua inyeshe isinyeshe.