Uzi Mwekundu kwenye Pazia la Bluu

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, kuna jambo nimelibeba na sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja. Nivumilie nilifikie polepole, unanijua nilivyo na haya. Hujambo lakini? Kile kikohozi kimeisha? Sisi wazima, na mdogo wetu Kasuku ndiyo usiseme: ameng'oka jino la mbele na bado mdomo haujapumzika. Nilitaka kukuandikia kwa lugha ya shuleni, ila uchungu wangu hauijui.

Jumapili baba mkubwa na mkewe wanakuja kututazama. Tangu baba atutoke, amekuwa akisema kwamba mama akizidiwa, atamchukua Kasuku akalelewe kwake. Basi nyumba nzima tunaitia viraka vya haraka haraka. Matundu ya misumari ukutani nimeyaziba kwa dawa ya meno. Mikwaruzo ya meza nimeipaka rangi ya viatu, droo inayokwama nimeisugua mshumaa, na kabati linaloyumba nimelikunjia kadibodi chini ya mguu. Kasuku akauliza kama ukuta sasa utakuwa haunuki mdomo. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia akithubutu kuyasema hayo mbele ya baba mkubwa, atamshona mdomo kwa cherehani.

Pazia la sebuleni, lile la bluu, lilikuwa limechanika. Mama akasema hilo nimwachie yeye fundi. Akachukua sindano iliyokuwa na uzi tayari, akashona kwa mkono, akarudi nyuma hatua chache, akaniuliza kama mshono unaonekana. Dada, alikuwa ametumia uzi mwekundu. Nikamjibu hauonekani hata chembe.

Alipoingia kuoga nikaufumua, nikashona upya kwa uzi wa bluu. Alipotoka akapitisha vidole juu ya mshono. Kisha akasema taratibu kwamba mishono yangu mirefu kama miguu ya korongo, na kwamba wewe usijue mpaka umalize mitihani, maana utaacha chuo urudi.

Ndilo hilo, dada. Mama haoni. Kumtungia uzi nimemtungia tangu mvua zianze, nikidhani ni uchovu tu. Baba mkubwa akigundua, Kasuku ataondoka. Ukuta nimeuziba, lakini macho ya mama sina cha kuyapaka. Sikuombi urudi. Nimeshindwa tu kulijua peke yangu.

Kasuku anakusalimu sana, na mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Ujitunze, ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako.

Nasikia ndara zake zinakuja mlangoni. Nimeisukuma karatasi chini ya kitabu, halafu nikakumbuka, nikairudisha mezani. Sasa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, anautazama ukurasa huu huu, ananisifu kwamba mwandiko wangu siku hizi umenyooka.