Kadi ya Siku Tatu kwa Mdogo Wangu

Mpendwa Bi Biserka,

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mchana mdogo wangu Nevenka anatua hapa Zagreb akitokea Uswidi, na mimi mpaka sasa sijaamua kama nimnunulie kadi ya kutembelea jiji au niache, na najua utasema mama mzima kama mimi kakosa kweli la kuandika gazetini, lakini nimeshauliza watu wangu wote na kila mtu ana lake na kichwa changu kimejaa.

Kadi yenyewe ni ile ya siku tatu wanayonunua wageni, unaionyesha mlangoni unaingia makumbusho, unapanda tramu bila tiketi, unapanda mnara kuangalia mji, na mikahawa mingine inakupunguzia bei, sasa jirani yangu Slavica ananiambia, “Nunua, Višnja, acha ubahili, mtu katoka Uswidi huyo, utamzungusha kwa miguu kama mbuzi wa mnadani?” na mume wangu Zvonko akisikia hivyo anacheka mpaka anakohoa, anasema, “Kadi ya watalii kwa mtu aliyezaliwa hapahapa mtaani Trešnjevka? Kesho utaninunulia na mimi tiketi ya kuingia chooni kwangu,” na nilipomsomea orodha ya mahali ambapo kadi inaingia, nikafika kwenye yale makumbusho ya mahusiano yaliyovunjika, wanakoweka vitu vya watu walioachana, akaniangalia juu ya miwani akasema, “Hayo mnayalipia ya nini, si mkae tu hapa jikoni,” nikamrushia kitambaa cha vyombo.

Hata hivyo ratiba nimeshaipanga na nakuhakikishia ni ratiba nzuri, Ijumaa akishaweka mizigo tu tunapanda mjini kwa tramu, tunaanza na mnara, Jumamosi ni Watakatifu Wote na siku hiyo mji mzima unakuwa makaburini Mirogoj, kwa hiyo makumbusho yatakuwa matupu, tutaingia bila foleni, hapo ndipo kadi itakapojilipa, Jumapili asubuhi nampitisha Mirogoj mara moja tukaone kaburi la mama, halafu tunaendelea na mengine, na Jumatatu kabla ya ndege tunamalizia yaliyobaki, na chakula tutakula hukohuko tukiwa njiani, yaani sitaki ibaki hata nafasi ya kukaa.

Sasa nimeandika hilo la kukaa na naona bora niseme lote, maana wewe Bi Biserka hudanganyiki. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita na Nevenka hakuja kuzika, alisema kazini hawakumpa ruhusa, akaagiza shada la maua kubwa kuliko la mtu yeyote, lenye utepe wa dhahabu, watu wakalisifia kaburini mbele yangu na mimi nikatamani kulipiga teke, kwa sababu miezi yote ile mama akiwa kitandani ni mimi niliyemgeuza, ni mimi niliyemlisha supu kwa kijiko, na kila kengele ya mlango ikilia mama alikuwa akiinua kichwa na kuuliza, “Nevenka huyo?” nami namjibu, “Bado mama, yuko njiani,” na hakuwa njiani, wala hakuniambia kwamba atakuja. Hili Nevenka halijui. Tangu hapo tunapigiana simu Krismasi na siku za kuzaliwa, tunazungumzia theluji, theluji ya kwao na theluji ya kwetu, tunaagana.

Halafu mwezi wa tisa akanipigia ghafla, akasema, “Dada, nakuja Watakatifu Wote. Usihangaike kunitembeza. Nipeleke kwa mama tu,” na mimi badala ya kusema karibu mdogo wangu nikaanza kumwambia kuna makumbusho mapya na lazima ayaone, mwishowe akasema, “Sawa dada, utakavyo wewe.” Basi nimepanga Alhamisi niende Mirogoj peke yangu, nilioshe kaburi liwe linang'aa, nipange krisantemu na mishumaa, akifika asikute cha kufanya wala cha kusema, aangalie tu tuondoke.

Naogopa, Bi Biserka. Tukikaa sisi wawili na vikombe vya kahawa katikati, mdomo wangu utafunguka na nitamwambia mama alivyokuwa akimsubiri, nitalisema kwa hasira, nalijua hilo maana najijua, naye ataondoka na safari hii harudi. Sina ndugu mwingine duniani. Baba alishatangulia, sasa mama, tumebaki mimi naye. Kwa hiyo niambie tafadhali, kadi hii inafaa au haifai?

Višnja, Trešnjevka
(jina la ukoo msiliweke, Slavica anasoma gazeti lenu)

*

Haifai, Višnja.

Nimeshakujibu, na kama ungekuwa mtu wa kutaka kadi tu ningeishia hapo nikanywe kahawa yangu. Lakini hebu kwanza tumalizane na hiyo kadi, maana kuna wasomaji wengine nao wanapokea wageni na wanajikuna vichwa kama wewe.

Jamani, kadi ya kutembelea jiji si kitu kibaya. Inamfaa mtu mwenye miguu mizima na pupa ya kuona, anayeingia makumbusho asubuhi, mengine kabla ya chakula, mengine baada ya chakula, na jioni bado anauliza kuna nini tena. Ukitaka kujua kama wewe ni mtu huyo, jiulize: mahali gani ningeingia hata kama kadi isingekuwepo? Pahesabu hapo tu. Usihesabu panapokuvutia kwa sababu pamo kwenye orodha. Mgeni wako amekwambia kwa mdomo wake mahali pamoja anapotaka kwenda, na pale Mirogoj geti liko wazi, hakuna anayekuuliza kadi.

Sasa nije kwenye hiyo Jumamosi yako. Višnja, nilicheka, nisamehe. Umeishi Zagreb maisha yako yote, na kila Watakatifu Wote uko makaburini na maua mkononi kama sisi sote, basi ungejuaje kwamba siku hiyo makumbusho hufungwa? Hujawahi kuwa upande huo wa mji siku hiyo hata mara moja! Ili nisikudanganye nilipiga simu kwenye yale makumbusho ya mahusiano yaliyovunjika, akapokea mama mmoja, nikamuuliza kama Jumamosi watafungua. Akashangaa. “Bibi, siku hiyo? Na sisi tuna wafu wetu.” Nikaona haya mpaka masikioni, kwa sababu yako.

Na Jumatatu je? Jumatatu makumbusho mengi hupumzika. Inabaki Ijumaa jioni mkiwa mmechoka, na Jumapili. Hiyo kadi yako ya siku tatu ingekuwa imewapeleka siku nzima ya Jumamosi mkitikisa vitasa vya milango iliyofungwa, wewe na yeye, kwenye baridi ya Novemba, huku mji mzima unapita na mishumaa kuelekea kwa wazazi wao. Hapo ungemwambia nini Nevenka? Zvonko angecheka mwezi mzima, na safari hii ningemuunga mkono.

Haya, kadi tumeiweka kando. Tuje kwenye tunachozungumza hasa.

Pole sana, mama. Nakwambia kwa moyo wote, pole. Kumuuguza mzazi peke yako, kumgeuza, kumlisha, halafu kusimama kaburini unasikia watu wanasifia utepe wa dhahabu, hilo lingemkasirisha hata mtakatifu. Una haki ya kukasirika na sitakwambia usikasirike. Mdogo wako alikosea. Kazi haimnyimi mtu nafasi ya kumzika mama yake, na kama ilimnyima kweli, basi angekuja wiki iliyofuata, au mwezi uliofuata. Hakuja miaka mitatu. Nadhani analijua hilo kuliko mimi na wewe, ndiyo maana hakukuomba mnara wala makumbusho.

Lakini wewe nawe, Višnja! Mtu amekupigia simu kutoka Uswidi, amelitoa lile alilolimeza miaka mitatu, amesema nipeleke kwa mama. Ukamjibu kwa makumbusho. Akasema utakavyo wewe, na wewe ukaenda kupanga ratiba isiyo na nafasi ya kukaa kitini. Unamkimbiza mgeni mji mzima ili asipate kukuangalia usoni. Ukimkimbiza hivyo siku tatu, Jumatatu atapanda ndege akiwa na maumivu ya magoti na picha za mnara, na hapo ndipo hatarudi tena. Unachokiogopa unakipika mwenyewe jikoni kwako.

Kuhusu lile la mama kumuulizia. Najua unaliona kama kitu cha kumpiga nacho, na ndiyo maana unakiogopa, maana una siku nyingi umekishika. Hebu kitazame vizuri. Mama yenu mpaka mwisho alikuwa na hamu na binti yake mdogo. Hakumlaani, hakumsahau, kengele ikilia alitumaini ni yeye. Neno hilo ni lake Nevenka, Višnja, mama alikuachia umfikishie, na umekaa nalo mno. Litamuuma, ndiyo. Atalia. Wewe umelia miaka mitatu peke yako, mwache na yeye alie, hakuna aliyekufa kwa kulia mbele ya dada yake. Ila usimwambie jikoni, wala ukiwa umekasirika. Na usimwambie kwa maneno mengi. Mwambie, “Mama alikuwa akikuulizia kila siku,” halafu funga mdomo. Mengine ya supu na kijiko na shada mtayasema mwaka ujao, au mwaka mwingine, au mtayaacha. Ukiona hasira inapanda, nyamaza uhesabu maua ya kaburi la jirani, siku hiyo yapo ya kutosha.

Na kama hawezi kusema samahani siku hiyohiyo, usimnyang'anye kwa nguvu. Watu wengine samahani yao inatoka kwa mikono kabla haijafika mdomoni. Hilo ndilo linanileta kwenye jambo ambalo kwa kweli limenifanya nikujibu haraka kabla ya barua zote nyingine.

Alhamisi usiende Mirogoj. Nasema usiende. Najua litakuuma, najua utawaza wanaopita wakiona kaburi la mama yako lina majani na matope watasema nini, na kaburi la kwenu kila mwaka linakuwa safi kabla ya yote. Waache waseme. Ukilisafisha wewe, ukapanga krisantemu wewe, ukawasha mishumaa wewe, basi Nevenka atasimama pale mikono mitupu, mgeni kwenye kaburi la mama yake. Atakuwa amefungiwa mlango mara ya pili, na safari hii huwezi kusema ni kazi iliyomnyima ruhusa.

Ijumaa mpokee, mlishe štrukli za nyumbani, unga uliokunjwa na jibini ndani, msile njiani. Mwambie Zvonko afunge mdomo wake mpaka Jumatatu, akiweza. Mpe Nevenka kitanda cha mama kama bado kipo. Usimwonyeshe ratiba, ichome. Jumamosi amkeni mapema kabla mabasi ya Mirogoj hayajajaa, chukueni ndoo, mbebe pamoja, kila mtu ashike upande wake. Mkifika, usimwelekeze. Usimwambie anza hapa. Mwache achote maji mwenyewe, ainame mwenyewe, asugue jina la mama yake kwa mkono wake mpaka herufi zionekane. Asipolisugua vizuri, pita kimya. Mama yenu hatajali.

Halafu Jumapili, kama bado mtataka mnara, nunueni tiketi ya mnara mlangoni. Sidhani kama mtataka.

Hela ya kadi unayo mkononi na najua inakuwasha, kwa hiyo nitakwambia cha kununua, ni senti kidogo tu pale sokoni. Brashi yako ya kusugulia kaburi unayo tayari, miaka yote mmoja tu ndiye aliyekuwa akiitumia. Nunua ya pili.

Biserka