Eda Juu ya Magogo

Baba Zuwena,

Salamu zikufikie huko uliko, na ujue mapema kuwa ni salamu za mtu aliyenuna. Nimetoka eda juzi. Nimekoga, nimevaa kanga yenye rangi, nimejifukiza udi mpaka jirani yetu Bi Sharifa akapiga chafya, na jambo la kwanza nililolitaka baada ya hapo ni kugombana na wewe. Miezi minne na siku kumi nimeufunga mdomo wangu, maana niliambiwa mjane akimlaumu mumewe anamsumbua kaburini. Leo nnasema. Ukisumbuka, sumbuka kidogo, na mie nimesumbuka.

Hebu niambie, bwana we, mwanamke gani umepata kumsikia kakaa eda ndani ya jahazi? Na si jahazi lililoko majini, ambalo angalau lina heshima yake. Jahazi lililopandishwa pwani ya Matrah, huku Arabuni, limeegemezwa magogo huku na huku, ngazi ubavuni, mafundi wanagonga tangu asubuhi, na mbuzi wa watu wanakuja kujikuna kwenye usukani. Humo ndimo ulimoniacha.

Wala usinambie ndivyo sheria ilivyotaka. Sheria haina kosa, kosa la ulimi wako. Matanga hayajaondoka, nduguyo Sheikh Hamed alikwenda kwa kadhi kuomba nihamie kwake, nikae eda pamoja na mkewe, katika chumba chenye mlango na kufuli. Kadhi akamuuliza jambo moja tu: marehemu alikuwa akiita wapi kwake? Basi msikiti mzima ukawa shahidi! Nani Matrah hii hajakusikia? Ukikaribishwa chumba, ukiulizwa utakaa magogoni mpaka lini, jibu lako lilikuwa hilo kwa hilo: "Nyumba yangu jahazi langu, anitakaye aje anigongee ubao." Wakakutolea ushahidi neno kwa neno, wengine na sauti yako wakaigiza. Kadhi akasema mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na nyumba hiyo mmeshaitaja wenyewe. Hamed alirudi kilemba kimemlegea. Nikamwambia, shemegi, usihangaike, nduguyo kanifunga kwa mdomo wake.

Basi wakatuzungushia ua wa makuti ya mtende, jahazi zima, ili mafundi wasinione na mie nisiwaone. Kuonana hatukuonana, lakini kusikilizana, ya Rabbi! Fundi Mubarak, yule wa Sur uliyekuwa ukimpenda kwa ajili ya kahawa yake, kila asubuhi alikuwa akisimama nje na kupiga hodi kwenye mbao, "Hodi Mama Zuwena, tunaanza," halafu nyundo. Kalafati yote ya mwaka huu imetiwa na mie nimo ndani. Pamba inashindiliwa baina ya ubao na ubao, nyundo inalia sikioni, nami nimeshika msahafu nasoma Yasini yako. Nilikuwa nikikosea aya narudia, nakosea narudia. Kisha wakaja na mafuta ya papa kupaka mbao. Mjane hatakiwi kujitia manukato, sawa, nimekubali. Lakini kuna aya gani inayosema anuke papa? Bi Sharifa alikuwa akipanda ngazi na bakuli la mchuzi huku kajiziba pua kwa buibui, anambwagia salamu, anateremka mbio.

Na lile tundu. Nilikuwa nnaliweka mwisho, lakini nimeshindwa.

Wajua ninalolisema. Ubao ule wa nyuma, ubavuni mwa kitanda changu, uliomwambia fundi autoe kwa kuwa umeoza. Mwaka wa kwanza umeoza. Mwaka wa pili, aliourudishia mahali pake nao umeoza. Khalafu mwaka wa tatu, umeoza! Kila kaskazi ikianza kuvuma, wenzetu wanapakia tende na chumvi, wewe unatoboa jahazi. Ukatundika mkeka hapo penye wazi, ukanambia, "Mwanamke gani Matrah ana dirisha la baharini? Shukuru." Nikashukuru kwa mafua. Upepo wa alfajiri unapita hapo na mchanga wake, unga una mchanga, macho yana mchanga. Na upepo huo huo ndio uliokuingia kifuani, Baba Zuwena, kaskazi ya mwaka huu haijamaliza mwezi. Sitaki kusema zaidi, nisije nikakufuru.

Unaikumbuka ile kaskazi ya kwanza? Tulikuwa majahazi matatu hapa, yote ya watu wa Unguja, yote na wake na watoto ndani. Tulianika kanga kwenye kamba za matanga. Tukikaanga maandazi kwa zamu, watoto wanaruka kutoka jahazi hili hadi lile mpaka mafundi wanapiga makelele. Na nyinyi wanaume mmekaa chini ya jahazi, kivulini, mnasema, "Tunangoja deheni waliyolipaka ikauke tu, twende zetu kusini." Ikakauka. Wale wa jahazi la mwanzo wakaenda zao Mombasa. Wale wa pili wakachoka, wakachukua nyumba nyuma ya soko, mke sasa ana jiko la kusimama. Sisi tukabaki. Watoto wa Matrah wakaanza kuniita Bibi wa Magogoni. Wewe ulicheka.

Sasa sikiliza. Zuwena wetu, kule Mombasa, ana mimba. Nilipata khabari ukiwa na wiki tatu udongoni, alizileta nahodha aliyepita Mombasa mwisho wa kusi na kuchelewa njiani. Mimba ya kwanza, na mtoto kwenda kujifungua bila mamake wakati mamake yu hai, anakaa ndani ya jahazi zima lenye tanga, nani angenielewa? Nikapiga hesabu ya kichwani. Eda itaniachia siku chache tu za upepo. Zikinipita, mpaka kaskazi nyingine, na mjukuu atakuwa anatambaa. Nikamwita Fundi Mubarak aje nyuma ya ua. Nikamwambia, mwanangu, nitafutie ubao mzuri uzibe tundu hili, kaka yangu Seif atashika usukani, nikitoka eda naondoka.

Nikamsikia anaweka nyundo chini. Nikadhani kaenda zake. Kisha akasema polepole, "Mama, ubao wa kutafuta wa nini? Ubao upo. Hauna kitu ubao ule. Ni msaji mtupu, utatushinda sote umri." Nikamuuliza, basi kwa nini mliutoa? "Bwana alituambia tuutoe." Na mwaka juzi? "Bwana." Nikamuuliza uko wapi. Hapo akaona haya, nilimsikia anakohoa. "Angalia unapolalia, Mama."

Baba Zuwena! Chini ya godoro langu! Miaka mitatu nalalamika mgongo, nakwambia kitanda hiki kina kitu kinanichoma, nawe unanambia, "Uzee huo, mama, jikande mafuta." Nimejikanda mafuta ya nazi, nimejikanda mafuta ya ufuta, nimemlalamikia kila mwanamke wa mtaa huu mgongo wangu, na kumbe nalalia ubao wa jahazi langu mwenyewe! Nililia siku ile. Nilikulia kwa hasira, maana kwa huzuni nilikuwa nimeshakulia.

Hasira ilipopoa ndipo nikafahamu. Nikaona haya kuwa ilinichukua muda wote huo, lakini na wewe mtu wa kufahamika umeanza lini?

Ni dada yako, Bi Aziza. Siku tunayotoka Unguja, mwaka ule wa misukosuko, alisimama na funguo mkononi akakwambia, "Nenda na mkeo kwanza. Mie nafunga nyumba. Kaskazi ikianza njoo unichukue." Ukasema inshallah. Kusi inakwisha, watu wakatufikia hapa na khabari kuwa Bi Aziza amefariki. Ukawatazama usoni ukasema, "Waongo hawa." Ukateremka ngazi, ukaenda kwa fundi, na jioni ile ule ubao ukatolewa. Nilitaka tumsomee khitma, ukanikataza. Uliniambia hasomewi mtu aliye hai. Nikakuacha, nilidhani utapoa.

Ndiyo hivyo basi. Madhali jahazi linatengenezwa, wewe bado u njiani kumfuata dadako. Wa hapa uliwafunga mdomo wote, hata Hamed; lakini likienda tu, likafika Mombasa, watu wetu wote wako pale ufukweni, na wa kwanza kukushika mkono angekwambia pole kwa Bi Aziza. Uliikimbia hiyo pole. Watu wanakimbia deni, wanakimbia vita, mume wangu alikimbia kupewa pole! Na badala ya kunambia, mimi niliyekuzalia, niliyekupikia juu ya magogo, unanificha ubao chini ya mgongo. Ungenambia ningekaa. Wallahi ningekaa nawe hapa hapa na tundu lako, ningelitia na pazia.

Hata hivyo nimemwambia fundi aurudishe.

Hapo tukaanza vita vingine. Bamvua kubwa lilikuja na eda yangu haijesha, maji yamepanda mpaka kwenye magogo, na Fundi Mubarak akasema ndiyo wakati wa kulishusha, likingoja lijalo pengine upepo umekwisha. Nami siruhusiwi kutoka nyumbani. Basi wakaenda tena kwa kadhi, Hamed na fundi na nusu ya mafundi nyuma yao, kuuliza: nyumba ikishuka majini na mjane yumo ndani, mjane katoka nyumbani au hakutoka? Naambiwa kadhi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema nyumba ikiwa juu ya magogo ni nyumba, ikishaanza kwenda ni safari, na mjane wa eda hana safari. Nikakaa. Nikayasikiliza maji yanakuja yanarudi chini yangu, na majahazi ya watu yanaondoka na nyimbo zao. Kila asubuhi nikimuuliza fundi upepo ukoje. "Upo, Mama. Umechoka, lakini upo."

Hamed naye, masikini, alikuja kila Ijumaa kunishawishi. Niliuze jahazi, nihamie kwake, serikali ya hapa kupata ruhusa ya kutoka ni kazi, na nikishatoka hajui kama wataniruhusu kurudi. Hakusema uongo. Ruhusa yenyewe ameihangaikia yeye, ameketi mlangoni kwa wakubwa mpaka wakamchoka. Aliponiletea alikuwa na machozi. Akanambia, "Shemegi, utamwacha ndugu yangu peke yake hapa." Hilo lilinichoma, kuliko ubao.

Lakini wewe ndiye uliyetaka kubaki. Umezikataa nyumba za watu wote wa Matrah, mwisho umeikubali ile isiyokuwa na mlango. Kaa basi.

Leo asubuhi wamelishusha. Bamvua lilikuwa dogo, wakachimba mchanga, wakapaka magogo shahamu liteleze, na mtaa mzima ukaja kuvuta kamba, mpaka kadhi mwenyewe alikunja kanzu. Mimi nilisimama ufukweni na Bi Sharifa. Ndiyo mara ya kwanza tangu ufe kuiona nyumba yangu kwa nje. Ndogo! Sijui tulikuwa tukitoshaje humo na maneno yako yote. Liliposhika maji watu wakapiga takbiri, nami nikageuka nyuma kukutafuta, mazoea tu, nikuone unavyojidai.

Halivuji. Seif kakagua kote. Ubao wako umekaa mahali pake, haupitishi hata uzi wa upepo. Mchana nimepanda, nimetandika godoro langu, halina tena kinachonichoma, nikajilaza nipumzike kabla ya safari. Nimeshindwa kulala. Kumetulia mno, mwenzangu, na kuna joto. Nimeukumbuka ule mkeka ukipigapiga ukutani na wewe unanambia nishukuru. Nimenyanyuka ndipo nikashika kalamu, na udongo wa kaburi lako bado uko kwenye ncha ya kanga yangu, maana nilikuja kukuaga na sikuweza kusema neno.

Kesho tunakwenda, inshallah. Nikifika Mombasa nitakwenda moja kwa moja kwa Zuwena, na atakayenishika mkono ufukweni nitampa mkono. Nitapokea pole yako, na nitapokea na ya Bi Aziza, ile uliyoikimbia, nitaisikiliza mpaka mwisho. Kisha nitakusomeeni khitma moja, wewe na dadako pamoja, na safari hii huna la kunikataza. Akizaliwa wa kike, nimeshamwambia Seif jina lake.

Mungu akulaze pema, baba we. Umenichosha. Jahazi linakwenda, na wewe hukuwa na haja ya kulishika, ningekushika mimi mkono.

Mkeo,
Mama Zuwena